IBN BATTUTA: MGENI WA MIJI YA WATU



 Tunaposimulia maisha ya waliotangulia hatufanyi hivyo ili tujivunie historia tu, bali ili tupate la kuchukua. Safari hii tumemchagua mtu ambaye wengi wetu tulilisikia jina lake shuleni na madrasa, yule jamaa aliyezunguka dunia: Ibn Battuta. Lakini hatutahesabu nchi alizofika. Tunataka tumwangalie kwa jicho jingine, kama mpangaji. Huyu ni mtu ambaye karibu ujana wake wote aliumaliza katika miji isiyo yake, akilala nyumba za watu, akila vyakula asivyovizoea, akiugua mahali ambapo hana mama wa kumpikia uji.

Na hapa kwetu habari hii inatuhusu sana. Simama Ngong, Kitengela au mjini Kajiado jioni moja ya Ramadhan, uwaulize watu kumi kwao ni wapi. Utasikia Wajir, Garissa, Isiolo, Mumias, Kwale, Lamu. Huyu amekuja chuo, yule amekuja kutafuta kazi, mwingine amefuata nyumba ya kodi nafuu kuliko ya Nairobi. Wenyeji wetu Wamaasai wametupokea, tumeingia, tumekodi, tumekaa. Lakini magharibi ikiadhiniwa ndipo mtu anapojua yuko ugenini au yuko nyumbani. Basi tumsikilize mwenzetu aliyepitia hayo karibu miaka mia saba iliyopita.

KIJANA WA TANGIER

Jina lake ni Abu Abdillah Muhammad bin Abdillah, maarufu kwa jina la Ibn Battuta. Alizaliwa mji wa Tangier, Morocco, mwezi wa Rajab mwaka 703 Hijria, sawa na Februari 1304. Jamaa zake walikuwa watu wa elimu na ukadhi, wafuasi wa madh-hebu ya Imam Malik (Mungu amrehemu). Mwezi wa Juni 1325, akiwa kijana wa miaka 21, aliaga kwenda Hijja.

Aliondoka peke yake. Hakuwa na rafiki wa njiani wala msafara wa kujiunga nao. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na kuachana kule kuliwauma wao na yeye pia. Nia yake ilikuwa kufika Makka na kuzuru Madina, kisha arudi. Kumbe Morocco hakuirudia mpaka mwaka 1349, baada ya miaka 24.

Shida ilianza mapema. Alipofika Bijaya, katika nchi tunayoiita leo Algeria, alishikwa na homa kali. Wenzake aliokutana nao njiani walimshauri abaki mpaka apone. Akakataa, akasema moyoni kwamba kama ni kufa, basi afe akiwa ameelekea Hijaz. Aliuza mnyama wake na mizigo mizito, akaazimwa mnyama mwingine na hema, akaendelea. Udhaifu ulipozidi alijifunga kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba ili asianguke. Hebu fikiria, kijana wa miaka 21, amejifunga juu ya mnyama kama mzigo, na hakuna hata mmoja kati ya walio karibu naye anayemjua mama yake.

MACHOZI YA TUNIS

Wakafika Tunis. Watu wa mji wakatoka kuwapokea wageni wao. Kila msafiri alikuwa na mtu wake: huyu anakumbatiwa, yule anaulizwa habari za watoto, mwingine anapokonywa mzigo abebewe. Ibn Battuta akasimama pale. Hakuna aliyemsalimia, kwa sababu hakuna aliyemjua.

Alilia. Si machozi ya kujificha, alilia waziwazi mbele za watu. Na huyu ndiye mtu ambaye baadaye angekaa barazani kwa wafalme. Hakulia kwa njaa wala kwa homa, alilia kwa kukosa salamu.

Basi katika ule umati kukawa na hujaji mmoja aliyemwona. Akamwendea, akamsalimia, akamzungumzisha, akaambatana naye mpaka ndani ya mji. Ibn Battuta akapata pa kulala katika madrasa moja ya mji, na akaisali Idd ya mwaka ule pale Tunis. Ule msafara wa mahujaji ulipoondoka, yeye yule aliyekosa wa kumsalimia ndiye aliyefanywa kadhi wao. Salamu ile haikuwa na gharama yoyote. Lakini Ibn Battuta alipokuja kusimulia maisha yake yote, miaka thelathini baadaye, hakuisahau. Aliitaja pamoja na majumba ya wafalme.

RAMADHAN YA DAMASCUS

Kisa tunachotaka ukishike zaidi ni hiki. Kutoka Tunis alipita Alexandria na Cairo. Alijaribu kwenda Hijaz kwa njia ya bahari ya Sham kupitia bandari ya Aydhab, akakuta kuna vita na njia imefungwa. Akarudi, akaamua kupitia nchi ya Sham ili aungane na msafara wa mahujaji wa huko. Aliingia Damascus tarehe 9 Ramadhan mwaka 726, sawa na tarehe 9 Agosti 1326. Akapanga katika madrasa ya Kimaliki. Yaani alikuwa kama mwanafunzi wetu anayekaa bweni, na mwezi wenyewe ni wa Ramadhan, na joto ni la Agosti.

Alikuta desturi iliyomshangaza na kumfurahisha. Pale Damascus mtu hakuachwa afutari peke yake. Wakubwa wa serikali na makadhi waliwaalika rafiki zao pamoja na mafakiri. Wafanyabiashara na wenye maduka wakafanya vivyo hivyo kwa kadiri yao. Na wale wanyonge, pamoja na watu wa majangwani waliokuja mjini, kila usiku walikusanyika nyumbani kwa mmoja wao au msikitini. Kila mmoja akaja na alichonacho, hata kama ni kidogo, wakakiweka pamoja wakala.

Angalia vizuri, msomaji. Desturi ile haikuwa ya matajiri peke yao. Masikini nao walikuwa na utaratibu wao. Mwenye tende tatu alikuja na tende tatu. Kilichokuwa aibu kwao si uchache wa chakula, ni mtu kukaa peke yake.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa fiqhi ya Kimaliki, Nuruddin as-Sakhawi. Alisikia kwamba pana kijana wa Maghrib amefika, wakafanya urafiki, akamwomba awe akifutari kwake kila usiku wa Ramadhan. Ibn Battuta akaenda usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne. Kisha homa ikamrudia, akabaki kitandani kule madrasa.

Sasa hapa ndipo tofauti ilipo. Wengi wetu tukimwalika mtu asipokuja tunasema labda ameenda kwingine. Tunafunika sahani, tunalala. Mwalimu Nuruddin hakukubali. Alituma mtu kumtafuta. Ibn Battuta akatoa udhuru kwamba anaumwa. Udhuru haukupokelewa! Ikabidi aende, akalala kule. Asubuhi akataka kurudi zake bwenini, mwenyeji akamkatalia katakata, akamwambia aione nyumba ile kama nyumba yake, au ya baba yake, au ya ndugu yake. Akaitiwa tabibu. Kila chakula na dawa aliyoagiza tabibu ikatayarishwa mle mle ndani. Akaendelea hivyo mpaka siku ya Idd, akahudhuria swala uwanjani, na Mwenyezi Mungu akamponya.

Bado haijaisha. Pesa za Ibn Battuta zilikuwa zimekwisha, na msafara wa Hijja uko karibu kuondoka. Mwalimu alilijua hilo. Akamkodia ngamia, akampa chakula cha njiani, na juu yake akampa na pesa za mkononi kwa lolote litakalomzukia. Shawwal ilipoandama, kijana akaondoka na msafara kuelekea Madina na Makka. Hijja yake ya kwanza ilitimia mwaka ule wa 1326. Bila ya mlango ule mmoja kufunguliwa, huenda tusingekuwa na Ibn Battuta wa kumsimulia leo.

SAHANI ILIYOVUNJIKA

Pale Damascus aliona pia jinsi mji mzima ulivyojipanga kumtunza asiye na mtu. Kulikuwa na wakfu za kila aina. Wakfu wa kuwahijisha wasioweza, wakfu wa kuwatayarisha mabinti wa mafakiri kwa ndoa, wakfu wa kuwakomboa mateka, wakfu wa wasafiri wapate chakula na nguo na nauli ya kurudi kwao, hata wakfu wa kutengeneza njia za mji ili wanaokwenda kwa miguu wapate pembeni pa kupita.

Siku moja akiwa katika kichochoro alimwona mtumwa mdogo amedondosha sahani ya Kichina, ikavunjika vipande. Watu wakamzunguka. Mtoto anatetemeka, anajua bwana wake atampiga au atamkaripia. Mtu mmoja akamwambia aokote vipande ampelekee msimamizi wa wakfu wa vyombo. Akafuatana naye. Msimamizi akaviona vipande, akampa mtoto pesa za kununua sahani nyingine. Ibn Battuta aliona kwamba aliyeweka wakfu ule alikuwa ametibu mioyo iliyovunjika, si sahani tu.

Kwa sasa tuache majengo makubwa. Jiulize, katika mtaa wetu kijana akipoteza simu aliyoazimwa, au akiibiwa nauli na kodi ya mwezi stejini, aende kwa nani? Kama jibu ni kwamba hana pa kwenda, basi watu wa Damascus wa mwaka 1326 wametupita.

ALIPOFIKA PWANI YETU

Mwaka 1331, kama wanavyokadiria wengi, Ibn Battuta alishuka kwa jahazi kutoka Aden mpaka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mogadishu ilikuwa na desturi yake. Jahazi likitia nanga, vijana wa mji walikuja kwa mashua ndogo, kila mmoja na sinia lililofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa mgeni wake. Walipoambiwa huyu si mfanyabiashara bali ni mwanachuoni, akaja kadhi mwenyewe, akampeleka kwa Sultani, kisha akawekwa katika nyumba ya wanafunzi.

Chakula alichopewa hata leo kingetuita. Wali uliopikwa kwa samli, juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na ndimu za achari, pilipili ya siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Aliletewa sahani mara tatu kwa siku kwa muda wa siku tatu. Siku ya nne, ambayo ilikuwa Ijumaa, akaletewa nguo za kuvaa msikitini. Walimlisha kwanza, wakamvisha, ndipo mazungumzo mengine yakafuata.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Lakini usiku mmoja ulimtosha kuona mambo. Aliona watu wanaokula ndizi na samaki, nafaka zao zikiletwa kutoka pwani nyingine. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa imara, na mbele ya milango visima vifupi, vya dhiraa moja au mbili, maji yakitekwa kwa bakuli la mbao lenye mpini mwembamba. Watu walikwenda miguu mitupu. Anayeingia aliosha miguu, akaipangusa kwenye mkeka mnene mlangoni, akaingia. Akawasifu kwa dini na wema wao. Mgeni huona usafi wa mlango wako kabla hajasikia hotuba yako.

Kisha akafika Kilwa, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Ijumaa moja Sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Sultani akasema atampa. Fakiri akasema anazitaka saa hiyo hiyo. Sultani akarudi akaingia nyumba ya khatibu, akabadilisha, akamwachia. Mwanawe akaenda kuzikomboa zile nguo kwa watumwa kumi, na Sultani akaongeza wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapa tuseme kweli bila kuficha. Zama zile binadamu walitolewa zawadi kama bidhaa, na Ibn Battuta mwenyewe alimiliki watumwa. Tunajifunza ukarimu wa Sultani yule, lakini hatuuvishi unyonge wa wale ishirini nguo nzuri.

Kuna na mwisho wa kisa cha Kilwa. Sultani yule alipofariki alirithiwa na ndugu yake Daud, ambaye alikuwa kinyume chake. Mwombaji akija aliambiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Wageni walikaa miezi mingi wakipewa kidogo sana, mpaka wakaacha kuukaribia mlango wake. Mji ni ule ule, bahari ni ile ile. Kilichobadilika ni moyo wa mwenye mlango.

DELHI: MGENI ANAPOZOEA

Baada ya miaka kadhaa ya kuzunguka, mwaka 1334 Ibn Battuta aliingia Delhi, India. Sultani wa huko, Muhammad bin Tughluq, aliwapenda wageni hata akaamuru wasiitwe wageni, waitwe kwa jina la heshima, yaani waheshimiwa. Ibn Battuta akapewa nyumba yenye mikeka, vyombo na kitanda. Kitanda chenyewe kilikuwa chepesi, mtu mmoja anakibeba: miguu minne, mbao nne, na kamba zilizosukwa katikati. Watu wa pwani mnakijua, ni ndugu yake kitanda chetu cha kamba.

Muda mfupi baada ya kufika, binti yake mchanga, hajatimiza hata mwaka, alifariki. Akamzika katika ardhi isiyo yake, na watu wa Delhi wakamsimamia katika msiba kwa desturi zao. Akapewa kazi ya ukadhi na mshahara wa dinari elfu 12 kwa mwaka. Alikaa mji ule karibu miaka minane.

Lakini tusimfanye malaika. Pesa za mji mkubwa zilimlevya. Aliishi maisha ya kuonekana, akakopa mpaka deni likafika dinari elfu 55, wafanyabiashara wakawa wanamdai hadharani, na ikabidi amlilie Sultani amlipie. Kijana uliyepata kibarua Nairobi ukaanza kukopa kwa simu ili uonekane umeshika maisha, huyu ni mwenzako.

Na Sultani yule yule aliyetoa kwa mkono mmoja alikuwa akiua kwa mkono mwingine. Ibn Battuta alipomtembelea sheikh mmoja aliyekosana na Sultani, akawekewa walinzi. Hapo alifunga siku mfululizo, anasoma Qur'ani na kumtaja Mola wake, akingoja kuuawa. Mwenyezi Mungu akamwokoa. Alipoachiwa akagawa mali zake, akaenda kukaa miezi mitano kwa mchamungu mmoja. Mwaka 1342 akatolewa Delhi kama balozi kwenda China.

Njiani alikaa visiwa vya Maldives, nako akafanywa kadhi. Aliingia kwa ukali. Akataka kubadili mavazi na desturi za watu kwa muda mfupi, akaamuru wanaokosa Ijumaa wapigwe, akaingia katika siasa za wakubwa. Mengine yalimshinda, akagombana na waziri, akaondoka.

Na miaka mingi baadaye, mwaka 1352, alipofika kwa Mansa Sulaiman wa Mali, aliambiwa zawadi ya mfalme inakuja. Akasimama akitegemea majoho na dhahabu. Zikaletwa mikate mitatu, kipande cha nyama ya kukaanga na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka kwa dharau, kisha akalalamika kwa mfalme mwenyewe. Alipewa nyumba na posho, na usiku wa 27 Ramadhan alipata fungu lake la dhahabu pamoja na wanazuoni wa mji. Lakini kicheko kile hakikuwa cha adabu. Mkate wa mtu ni mkate. Mgeni naye ana mtihani wake.

HABARI ZA NYUMBANI

Wapo wanahistoria wenye shaka kama kweli alifika kila mahali anapopataja huko China. Hata hivyo anasimulia kwamba pamoja na uzuri wa nchi ile hakupata raha. Alijifungia ndani, na kila alipokutana na Waislamu ilikuwa kama kukutana na jamaa zake wa damu. Katika mji mmoja akaletewa habari ya tajiri anayetaka kumwona. Wakatazamana, wakazungumza, akagundua ni al-Bushri, mtu wa Ceuta, mji ulio jirani kabisa na Tangier. Wakalia wote wawili. Miaka baadaye, Ibn Battuta alifikia nyumbani kwa ndugu yake mtu huyo huyo katika mji wa Sijilmasa, ukingoni mwa jangwa la Sahara. Ndugu wawili, mmoja China, mmoja Sahara. Yeye mwenyewe alistaajabu umbali uliowatenganisha.

Sasa fika nami mwaka 1348. Anarudi, na njia inampitisha Damascus tena. Zamani alipokuwa huko alioa, akamwacha mke akiwa mjamzito. Akiwa India alipata habari kwamba mtoto ni wa kiume, akatuma dinari arubaini za dhahabu kwa babu wa mtoto. Alituma pesa, kama tunavyotuma sisi kwa M-Pesa. Kufika Damascus, jambo la kwanza ni kuulizia mwanawe. Akaingia msikitini, na kwa qudra ya Mungu aliyemkuta ni Nuruddin as-Sakhawi, mwalimu yule yule aliyemuuguza katika Ramadhan, miaka 22 nyuma. Na Nuruddin ndiye aliyempa habari: mtoto amefariki miaka kumi na miwili iliyopita.

Akaelekezwa kwa mzee wa Tangier aliyekuwa akiishi katika madrasa pale mjini. Akamwuliza habari za wazazi. Akaambiwa baba yako amefariki miaka kumi na mitano iliyopita, mama yako bado yu hai. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa tauni kubwa, watu wakifa kwa maelfu kila mji. Akaendelea na safari ya kurudi, na mwaka 1349, akiwa ameshaingia Morocco, amekaribia kabisa, akapokea habari kwamba mama naye ameondoka kwa tauni ile. Akaenda Tangier kuzuru kaburi. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Mwaka 1355 kitabu cha safari zake kilikamilika mjini Fez, akisimulia yeye na kuandikwa na mwanachuoni Ibn Juzayy. Baada ya hapo alifanya kazi ya ukadhi nchini kwao, na alifariki karibu mwaka 1368. Alikuwa ametembea zaidi ya kilomita laki moja. Mtoto wake hakuwahi kumwona.

SISI TUNACHUKUA NINI?

Kwanza, mambo yaliyomjenga Ibn Battuta hayakuwa makubwa. Ni salamu ya Tunis, futari ya Damascus na sinia la Mogadishu. Uislamu umeliweka jambo hili katika mizizi. Mtume wetu (S.A.W.) naye alihama mji wake, na Answari wakawagawia Muhajirina nyumba na mashamba. Katika Surat At-Tawba aya ya 60, msafiri aliyekatikiwa njiani ametajwa pamoja na masikini miongoni mwa wanaostahiki zaka. Na tumefundishwa kwamba anayemfutarisha aliyefunga hupata mfano wa ujira wake, hata kama ni kwa tende au funda la maji.

Basi baba na mama mnaosoma ukurasa huu, hesabuni milango ya ploti yenu. Yuko kijana kwenye bedsita ya mwisho anayefungua kwa mkate na chai ya rangi, akiwa peke yake na simu yake. Mpelekeeni mtoto na sahani. Na asipoonekana msikitini siku mbili, msiseme amesafiri. Fanyeni alivyofanya Nuruddin, mtumeni mtu akagonge mlango.

Pili, wewe kijana mgeni, usikae na machozi yako ndani. Toka, salimia, jitambulishe kwa imamu, jitolee kupanga mikeka na kuosha masinia. Uletewacho kipokee kwa shukrani, hata kikiwa ni mikate mitatu na maziwa. Usikope ili uonekane. Na mji wa watu usiuingie kwa kuukosoa, kwanza ujifunze.

Tatu, na hili ndilo zito. Dinari arubaini zilifika, lakini baba hakufika. Kutuma pesa nyumbani ni wema, lakini mama anataka kusikia sauti. Kabla ya adhana ya magharibi leo, chukua simu umpigie. Ibn Battuta angetoa dhahabu yote ya Mali apate dakika moja kama hiyo.

Mwenyezi Mungu (S.W.T.) atutakabalie swaumu zetu, awarehemu waliotangulia, na awafanyie wepesi wote walio mbali na kwao katika mwezi huu. Amin.

Wabillahi tawfiq.